Upande wa Kushoto, Tafadhali

Karibuni chomboni. Wenye miavuli, ifungeni;
wenye watoto, washikeni kola.
Tuna dakika hamsini, betri iliyoshiba jua,
na kipaza sauti hiki kinachokwaruza kama paka.

Upande wa kushoto, tafadhali: mnara wa ghorofa themanini na tano.
Una tundu katikati, upepo unapita humo bila kulipa kiingilio.
Ukiutazama vizuri ni herufi, ile ya "juu",
silabi ya kwanza ya jina Kaohsiung.
Zamani, kabla hawajatuheshimu,
jina la mji liliandikwa kwa herufi za "piga mbwa".
(Hapa watu hucheka. Ninawasubiri wamalize.)

Kulia kwenu, maghala ya sukari.
Sukari ilishahama; siku hizi mna picha, mna vijana,
mna kahawa inayouzwa kikombe kwa bei ya gunia,
na sanamu za vibarua zilizopakwa maua mwili mzima,
vibarua wasiotoka jasho.
Karatasi ya kampuni inataka niseme: mji uliojivua kutu.
Ninasema. Ninalipwa kusema.
Sisemi kwamba kutu ile ndiyo iliyotulisha:
baba alikatakata meli kwa moto wa gesi,
meli za mafuta, meli za vita, na moja ya abiria;
kutoka humo akatuletea kengele ya kumwita mhudumu.
Tuliipiga usiku kucha, mimi na kaka.
Mhudumu hakuja.
Alikuja mama, kandambili mkononi.

Mto tuliotokea? Ndiyo, Mto wa Mapenzi, hamkusikia vibaya.
Nilipokuwa darasa la pili ulinuka
hata wachumba walitembea kandoni wameziba pua,
na hicho kikawa kipimo:
atakayekubusu hapa, huyo hakutanii.
Sasa samaki wamerudi. Wanaruka. Yule pale —
basi, mmemkosa.

Lile jumba lenye ncha ncha, mawimbi yaliyoambiwa yatulie,
ni la muziki. Ule weupe kilimani, mnara wa taa wa Cijin.
Kivuko cha kwenda huko hupakia pikipiki chini,
watu juu, mbwa popote wapendapo.

Tayarisheni simu. Saa tisa kasoro dakika mbili.
Daraja lile jeupe, lililojikunja kama kombe, litageuka.
Wapita njia watazuiwa,
na ncha yake italiacha gati polepole,
kama mtu anayetoka chumbani
asitake mlango ulie.

Sisemi kwamba anayeligeuza, yule wa kofia ya njano,
anaitwa Tsung-lin;
kwamba mashati yake niliyafua miaka kumi na mmoja;
kwamba hunywa maziwa ya papai kwa mrija
mpaka glasi ikorome.
Daraja lake huachana na gati na kurudiana nalo kila siku,
bila hakimu, bila kugawana sufuria.
Sisi tuliachana mara moja. Ilitosha.

"Dada," anauliza mtoto wa kiti cha mbele, shati lake la dinosaria,
"mbona yule mjomba anatupungia mkono?"

Chombo kizima kinageuka.
Ninaitazama karatasi. Mbele na nyuma.
"Ni sehemu ya ziara," nasema,
nami ninanyanyua mkono, si juu sana,
kiasi cha mtu anayejikinga na jua.

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumatatu.
Jumatatu huligeuza mwingine,
na yeye huligeuza
haraka mno."