Sugu

Majipu mawili, kitanda cha nne na cha tano,
wodi ya watoto, Hull, mwezi wa pili.
La Kieran pajani, la Mwanaidi wangu kwapani.
Kwa macho ni pacha: wekundu uleule, usaha uleule.
Daktari akayazungushia mstari wa kalamu:
ukivuka hapa, niite.

Siku ya tatu maabara ikajibu.
Kijidudu cha Kieran kinasikia dawa.
Cha Mwanaidi ni kiziwi.
Sugu, mkalimani akasema kwenye simu,
nami nikatazama viganja vyangu,
miaka sita ya kufungasha samaki,
ngozi iliyosuguliwa hata ikaacha kusikia.
Hiki nacho, nani alikisugua?

Mama Kieran akasogeza kiti.
Sikumlaumu. Hata mimi ningesogeza.

Wakatuhamishia chumba cha peke yetu, mlango wa kioo.
Wakabadilisha dripu.
Usiku kucha nikalinda ule mstari
kama mpaka wa shamba la urithi,
tochi ya simu mkononi.

Alfajiri wekundu umerudi nyuma
upana wa ukucha.

Nje ya kioo Kieran, akichechemea,
akabandika karata: mbili ya pau.
Mwanaidi akafumbua jicho moja.
“Mama, mwambie hiyo haili kitu.”