Faini

Hakimu wa Milimani alisoma bila kituo:
elfu ishirini, au miezi miwili.
Kaka yangu Mutinda akasimama, bahasha mkononi,
karo ya muhula wa mwanawe.
Nikamtikisia kichwa.

Barabara niliyoikalia ina lami sasa.
Chini yake vibanda vya Mukuru,
na sufuria ya Kwamboka, ugali ndani.
Nikilipa, nitakuwa nimekiri
kwamba kuketi pale kulikuwa kosa.

Lang'ata wakanivua saa, pini za nywele, kamba za viatu.
"Kuna kingine?" askari akauliza, macho kitabuni.
Nikakung'uta mifuko: punje mbili za njugu
na vumbi.

Blanketi lilinuka jiki.
Niliogopa, sitasema uongo.
Ila usingizi ukaja,
ule ulionihama
tangu asubuhi ya tingatinga.