Mto wa Nukta

Nimeitandaza ramani juu ya meza ya chakula.
Pembe moja nimeikandamiza kwa mkebe wa majani chai,
ya pili kwa betri ya Wekhomba, ingali na vumbi la duka.
Mbili zilizobaki zinajikunja zitakavyo,
ndivyo kabati la shule lilivyozizoeza.
Humu ziwa bado linaitwa Rudolf.
Nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kustaafu hakuponyi.

Kutoka hapa Kiamunyi hadi Nyahururu ni ncha ya kidole.
Rumuruti, Maralal: hadi hapo, asema Wekhomba,
hata mama mkwe wangu angefika na kurudi na kuku.
Yeye aliendesha lori la shule
hadi siku lilipouzwa kwa kilo.
Baada ya Maralal hatupimi tena kwa vidole,
tunapima kwa dizeli.

"Mitungi minne."
"Mitano."
"Mwalimu, gari litachechemea."
"Na lichechemee."

Tairi mbili za akiba. Jani la springi. Waya.
Mche wa sabuni, tena si wa kuoga:
jiwe likitoboa tangi, unaumega,
unaukanda kwa kiganja, unaziba, unaendelea.
Sikujua hilo.
Nimefundisha mawe ya volkano miaka thelathini na moja
na sikujua yanatafuta nini chini ya gari.

Binti yangu amepiga simu kutoka Eldoret.
"Mama, ndege zipo. Na hayo magoti?"
Nimemjibu magoti yatakaa, hayatatembea.
Hakuuliza kwa nini barabara.
Angeuliza, ningemwambia upepo,
ningemwambia nataka kuona kama maji kweli ni ya kijani,
maana nililichora lile ziwa kwa chaki ya buluu,
mwaka baada ya mwaka;
ya kijani shule haikuwahi kununua.

Nisingemtaja Lesirma.

Alikuja muhula wa pili, kidato cha kwanza,
kutoka upande wa Baragoi, viatu vya kuazima.
Nilikuwa nateremsha mto ubaoni,
buluu, mnene, umeshiba,
akanyoosha mkono kule nyuma:
"Mwalimu, hapo hakuna maji. Pana mchanga.
Tunachimba. Mama huingia shimoni
mpaka kichwa hakionekani,
halafu unasikia kibuyu tu kikigonga."

Darasa likacheka.
Mimi nilikuwa na kitabu mkononi,
na kitabu kilisema mto.
Nikamwambia, kaa chini.
Akakaa.

Alikaa miaka minne. Alipata B katika jiografia;
kwenye mtihani aliuchora mto wangu,
buluu, mnene, kama nilivyotaka.

Leo nimevaa miwani, nimeivuta taa karibu.
Mto wenyewe umechorwa kwa nukta.
Nukta, nafasi, nukta, nafasi,
kama mtu aliyekuwa akisita kusema uongo.
Na pale pembeni, kwa herufi za kiroboto:
mto wa msimu.
Siku ile pia ramani ilikuwepo,
imetundikwa ukutani, nyuma ya mgongo wangu.

Nje mvua ya Nakuru inajimwaga juu ya mabati,
inafurika mtaroni, hakuna anayeikinga.

"Usiku wa pili tunalala wapi?" Wekhomba ananiuliza,
penseli sikioni.
Naweka kidole juu ya nukta.
Anainama, anatazama, anatikisa kichwa.
"Ndani ya mto halali mtu, mwalimu.
Mvua inanyesha kwa watu wengine,
maji yanakukuta wewe umelala."
"Basi ukingoni."
"Ukingoni hapana kitu."
"Najua. Pana mchanga."

Ananitazama kidogo. Hasemi.
Anaichomoa penseli, anaandika chini ya sabuni:
sepetu, moja.

"Mbili," namwambia.