Namba Themanini na Saba

Juni hii ukungu wa Mwanjelwa unaingia hadi chumbani.
Nimeziba dirisha kwa gunia, jiko nimeliweka mbali na meza:
joto likizidi kadi hujikunja, unyevu ukizidi hunenepa.
Nanawa. Nangoja vidole vikauke.
Ndipo navaa mikononi soksi za mtoto wa jirani,
maana glovu nyeupe, niliambiwa, zinapatikana Dar es Salaam tu.

*Kusanya wachezaji wote mia na ishirini!*
Ndivyo pakiti za bablishi zilivyosema,
na mtaa mzima wa Soweto hakuna aliyewahi kuwamaliza.
Tulitafuna mpaka taya zikauma,
tukayatema yale mawaridi mtaroni,
tukabaki na sura: mabeki wenye masharubu,
winga aliyefumba macho,
kocha mmoja aliyepigwa picha akipiga chafya.
Huyo nilikuwa naye mara kumi na nne.
Nilimtoa kwa golori, kwa parachichi,
mara moja nikamwongezea zamu ya wiki nzima ya kuchota maji,
na bado alirudi.

Kupanga madaraja nilifundishwa na mama,
ingawa hajui kama alinifundisha.
Miaka kumi na tisa kwenye benchi la kiwanda, Mlowo,
kahawa ikimpitia mbele kama mto mkavu,
mkono ukichagua kabla jicho halijasema.
AA, A, B, C,
na ile punje ya mviringo iliyozaliwa peke yake ndani ya tunda,
PB, yenye gunia lake.

Nami hivyo hivyo.
AA ni kona nne kali, zinachoma hata kupitia soksi.
A, kona moja imelegea.
B ina mkunjo, hata kama ni mwembamba kama unywele.
C imeonja mfuko wa kaptula na sabuni ya mche.
PB ninaye mmoja tu, Anyosisye, beki wa kushoto,
ambaye kiwanda kilimchapa mgongoni mwa mtu mwingine.

Lenzi ni ya fundi saa aliyefunga kibanda.
Napima pambizo: kushoto milimita mbili,
kulia mbili na nusu.
Nusu hiyo imeninyima usingizi mara nyingi kuliko madeni.

Themanini na saba haikuwepo.
Kipa. Hata timu yake sikuijua.
Miaka ishirini na mitatu mfuko wake wa nailoni ulikaa wazi
katikati ya albamu, kama pengo la mbele.

Kisha mjane wa mwenye duka, huko Mafinga,
akakuta pakiti kumi na mbili nyuma ya mizani ya zamani.
Zilikuja kwa basi, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Bablishi ilikuwa imegeuka chaki.
Pakiti ya tisa, kipa:
mikono juu, glovu kubwa kuliko kichwa,
kona nne zinachoma.

Nikapiga simu Dar.
"Seti kamili? Zote AA? Na huyo PB?"
Mnunuzi akataja bei ya mabati ya nyumba nzima.

Jumapili mama akaja, nikamwonyesha.
Aliling'oa gunia dirishani bila kuniuliza,
akamweka kipa kwenye kiganja, akampima uzito,
akamgeuza, akamnusa,
na kabla sijasema "mama, taratibu,"
akampeleka pembeni mwa mdomo
akamuuma,
kama anavyouma punje kusikiliza imekaukaje.

"Imekauka vizuri," akasema. "Inaweza kwenda."

Nikakaa.
Nikavua soksi moja. Nikavua ya pili.
Halafu nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Daftarini, kwa wino:
*87. B. Alama ya jino, kona ya chini kushoto.
Mpangaji daraja: Tusekile Mwasumbi, Mlowo.*

Mnunuzi ameshatoa mabati manane kwenye bei.
Nimemwambia arudishe mawili:
jino lile lina uzoefu wa miaka kumi na tisa.