Mlango Mfupi

Mwaka ule kompyuta ya chuo ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti nane,
na kaka yangu Ambokile alitaka kutia ndani yake
jiko la mama, lililobomolewa mwezi mmoja baada ya mazishi.

Si picha ya jiko. Picha tunayo,
imeliwa na unyevu pembeni, mama kafumba macho.
Alitaka jiko la kuingia:
ugeuke, uone mafiga; ugeuke tena, uone kuni.
"Mahali pasipokuwepo," alisema, "lakini upo ndani yake."
Nikamuuliza kama amekula.

Mbeya, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma,
chumba chenye dirisha moja linalotazama Loleza.
Asubuhi mlima upo, saa nne umefutwa na ukungu,
saa sita unarudishwa kipande kwa kipande,
kama mashine ile ilivyochora.

Kofia ilikuwa ya pikipiki, ya Mwakalobo alipoacha kuendesha.
Ndani, viwambo viwili vidogo vya kamera za video zilizokufa.
Ilinuka solda na jasho la mtu mwingine.

Kazi yangu ilikuwa sauti.
Nilikwenda Katumba na redio kaseti ya mkopo,
nikaketi chini ya bati la shangazi Subilaga kungoja mvua.
Rungwe, mwezi wa nne, kungoja mvua!
Siku mbili kavu. Majirani wakacheka:
binti Tusekile katumwa na serikali kupima mawingu.
Ya tatu ikaja yote kwa pamoja,
nikajaza upande wa kwanza, nikageuza, nikajaza wa pili,
na jogoo mmoja ndani kwa bahati mbaya.

Ambokile akasikiliza mpaka mwisho.
"Zitaingia sekunde sita," akasema.

Kwangu kumbukumbu ni uji: akiongezeka mtu, unaongeza maji.
Kwake ilikuwa kibaba, kikijaa kimejaa.
Akaanza kukata.
Pembetatu ngapi zatosha kuwa mgomba?
Kwa mia nne ulikuwa mgomba, ila jiko likaganda.
Kwa arobaini ukawa mwavuli.
Kwa kumi na mbili, kitu cha kijani kinachoomba radhi.
Akautoa. Akamtoa paka. Akatoa moshi,
moshi, ambao ndio uliokuwa jiko lenyewe.

"Na mama, pembetatu ngapi?" nilimuuliza usiku mmoja.
Akatoka nje, akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Siku ya majaribio walikuja wakufunzi wawili na Sanga mlinzi.
Mkuu wa idara akavaa, akasema kijivu kimezidi.
Sanga akanyoosha mkono kushika sufuria,
akashika tai ya mkuu.
Kisha mimi.

Kijivu, kweli. Kuta kama maboksi ya sabuni.
Mafiga matatu yasiyojua masizi.
Nikigeuza shingo, jiko lilinifuata kwa kuchelewa,
kama mgonjwa aliyeitwa jina.
Mvua, mvua, jogoo; mvua, mvua, jogoo yuleyule.
Nikasema moyoni: kaka, umepoteza miaka miwili.
Nikasogea mlangoni nitoke.

Nikainama.

Hakuna aliyeniambia. Mlango wa mama ulikuwa mfupi,
uliwagonga wageni wote paji la uso, hata mchungaji;
sisi tuliujua kwa shingo.
Na pale palikuwa na saruji ya chuo tu,
na wanaume wanne wakinitazama nikiiinamia hewa.

Nilipovua kofia, Ambokile alikuwa anaandika daftarini,
mwandiko ukipanda na kushuka nje ya mistari:
*Saa nane na dakika kumi na saba. Ameinama.*

Siku hizi disketi kumi na moja zimo kwenye kopo la siagi,
hakuna mashine ya kuzifungua.
Jiko la Katumba sasa ni la tofali, mlango mrefu, una grili.
Juzi niliingia na vikombe mikono yote miwili.
Shangazi akaniuliza nimeangusha nini.