Jembe la Subilaga

Barua ilipanda kutoka bomani Tukuyu
mfukoni mwa tarishi aliyelowa hadi soksi.
Karani wa kanisa akaisoma kwa sauti,
akayaruka maneno yaliyomshinda,
akatua kwenye moja aliloliweza:
amepotea.

“Amepotea wapi?”
“Baharini.”
“Kulikuwa na ukungu?”
Karani akaigeuza karatasi. Nyuma hapakuandikwa kitu.

Kwetu Isongole mtu akipotea hatuanzi kwa kilio.
Ukungu ukishuka kutoka Ngozi, ukameza ng’ombe na mchungaji,
aliyebaki nyumbani hugonga chuma
mpaka aliyepotea aujue upande wa sauti.
Subilaga akang’oa mpini,
akalitundika jembe kwenye mkaratusi,
akagonga.

Jioni ya kwanza majirani walimletea ndizi.
Jioni ya arobaini walikuja kumwomba anyamaze.

Ambilikile alikuwa mtoto wa jikoni:
wenzake wakichunga, yeye anapuliza kuni mbichi
mpaka zikubali.
Alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, akapata deni.
Akashuka Dar es Salaam. Huko wakampima kifua,
wakampa koleo, wakamteremsha tumboni mwa meli ya mizigo
kulilisha tanuri makaa.
Barua yake ya pekee, aliyoandikiwa na mwenzake wa Goa
mwenye mwandiko wa kupendeza, ilisema:
Mama, huku sisikii baridi kabisa.

Watu waliuliza: meli kubwa kuliko kanisa
inazamishwaje na adui asiyeonekana?
Mdogo wake, Tusajigwe, wa miaka tisa,
ndiye aliyejibu, tena shambani.
Akavuta shina la kiazi. Majani mabichi, mazima,
chini hakuna kitu.
“Fuko,” akasema.

Hakuna aliyeuliza tena.
Juu ya tuta jua linawaka, majani yanacheza,
na chini kuna mdomo unakuja polepole,
hauna sura,
unajua mzizi ulipo.

Walisema ilibeba katani, kahawa na chai,
pengine chai hii hii aliyoichuma dada yao kwa senti.
Bahari ikaichovya yote kwa mkupuo mmoja,
baridi, ya chumvi,
wala hapakuwa na wa kuinywa.

Mshahara ulihesabiwa mpaka siku ya kuzama.
Siku yenyewe iliandikwa nusu.

Nami huwawaza wale wengine.
Mpishi wa Kichina. Kijana wa Lamu aliyekuwa zamu ya usiku.
Yule wa Goa, na wino wake.
Mama yake yeye aligonga nini?

Subilaga alipokufa, Tusajigwe, bibi yangu, akarithi kugonga.
Hakuamini. Aligonga tu
kama mtu anavyofunga mlango kabla ya kulala.
Mimi sikurithi. Nilikuwa na simu, na mikopo,
na aibu kidogo.

Mwaka juzi kijana wa vyuma chakavu akapita na pikipiki,
mizani ya ndoano ikining’inia shingoni.
Akalishusha jembe: kilo moja na robo,
limelika katikati kama kijiko cha zamani.
Akampa mwanangu mia tano na pipi.

Nilimfuata mpaka Kiwira. Lori lilishaondoka.
“Linakwenda wapi?”
“Dar, mama. Bandarini. Huko wanapakia melini.”
Nikakaa kwenye benchi la wateja,
nikaomba maji, nikasahau kuyanywa.
Miaka themanini lilimwita apande.
Sasa limeshuka lenyewe.

Jioni ile ukungu ulikuja mpaka kizingitini.
Mwanangu akatoka na blanketi,
akaniuliza ninafanya nini nje gizani
na sufuria na mwiko.