Jina Langu Time

Fomu ilitaka jina kamili, kama lilivyo kwenye pasi.
Nikaandika: Time Faki Shaame.
Wakajibu kwa adabu: tafadhali jaza jina,
hapo umejaza saa.

Siku tatu na barua mbili
kuwaeleza wenye skolashipu yao
kwamba Time ni mtu,
alikuwa bibi yangu mzaa baba kabla hajawa mimi,
na hutamkwa kwa herufi zote nne,
hakuna hata moja iliyokaa kimya.

Mengine yakawa mepesi.
Shahada ya kwanza, ipo, imegongwa muhuri na wakili pale Chake
elfu tano kila ukurasa.
Picha yenye ukuta mweupe nyuma, masikio yaonekane.
Masikio!
Nikaurudisha ushungi nyuma vidole viwili,
nikasema astaghafiru, mpiga picha akabofya.

Kisha likaja sanduku la maneno mia tano:
Eleza, kwa nini wewe?

Nikaandika maendeleo, nikaandika taifa,
nikaandika mwanamke na sayansi,
maneno mia nne na tisini.
Nikayasoma. Nikahisi nasoma bango la barabarani.
Nikafuta.

Nikaandika kuhusu chupa.
Kila Jumatatu, chupa mia na ishirini
kutoka skuli za Uwandani, Kizimbani, Piki,
mkojo wa watoto, bado una vuguvugu.
Nachuja, naweka kioo chini ya darubini,
nahesabu mayai ya kichocho.
Mwaka wa saba huu nahesabu.
Nayajua kama mama anavyoijua karafuu iliyokauka:
mkono hutangulia, jicho hufuata.

Profesa sikumtaja.
Huja kila kipupwe na begi la magurudumu,
huondoka na daftari zangu,
na mwaka wa pili hutoka makala, kurasa kumi na mbili,
vijito vyetu vyote vimo, kila kimoja na konokono wake,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
tunamshukuru Taim, wa Wete.

Ila swali langu nililiandika.
Mbona watoto wa huku wakipewa dawa mwezi wa tatu,
mwezi wa tisa wanarudi na damu ile ile,
na wa ng'ambo ya kijito, maji yale yale,
hawarudi?
Wanaolipwa kuuliza hawajawahi kuvuka.
Maneno tisini na sita. Sanduku likabaki wazi,
nikaliacha wazi.

Mwisho wa kupokea: saa sita za usiku, saa za kwao.
Kwetu saa tisa.
Tukuza imebakisha yuniti moja, bando robo,
na mimi, Time, nimekaa sebuleni
nahesabu saa kwa vidole kama mtoto wa chuoni.
Nikabonyeza.
Mbwa akabweka Limbani. Basi.

Jibu lilinikuta uani, mama anachambua karafuu.
Orodha ya akiba, nafasi ya tatu.
"Akiba ya n'ni? Ya mchele?"
"Ya watu, mama. Watatu wakikataa, naenda mimi."
"Watatu wakatae Ulaya?"
Akacheka mpaka akaweka ungo chini.
Halafu, taratibu: "Haya. Akiba haiozi."
Akachukua konzi nyingine, akatoa vikonyo.
"Ila ya mchele, mwanangu, huingia fukusi."

Jumatatu, chupa.
Moja kutoka Piki, mtoto kajiandikia mwenyewe kwenye plasta,
kalamu ya risasi, herufi zimelala kama zimechoka:
Time Juma, darasa la nne.
Mayai arubaini na moja.
Naandika mara mbili:
mara kwenye daftari la Profesa,
mara kwenye langu.